Mwaka Nilipotandika Makapi Bondeni

Tulimzika mdogo wangu Elia mwezi uliopita, hapa Pongwe, siku ya manyunyu. Vijana waliochimba kaburi walifika kiunoni tu wakagonga jiwe la chokaa, ikabidi mtu atumwe kuazima mtaimbo, na sisi wengine tukasimama kando tukisikiliza chuma kikigonga jiwe. Nilitazama udongo mwekundu uliorundikwa pembeni, nikajisemea moyoni kwamba huu ni wa kukauka haraka, kufikia alasiri hakuna kiatu kitakachoteleza hapa. Ndivyo nilivyo. Hata kwenye kaburi la ndugu yangu nilikuwa napima udongo. Bwana Shabir, mwajiri wetu wa zamani, alikuja pia, amezeeka, kofia yake nyeupe imelowa, anatembea kwa fimbo. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja mpaka akafika kwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, aliyekuwa ameteremka kutoka Lushoto alfajiri. Baba Mdogo alimtazama, akaweka mikono yake nyuma. Mkono wa yule mzee ulikaa hewani, kisha akaurudisha taratibu. Wote waliokuwapo walijua sababu, au walidhani wanaijua. Ukimtoa mzee mwenyewe, mimi peke yangu niliyeijua sawasawa nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, na nikanyamaza.

Elia aliishi miaka ishirini bila miguu yake kumtii. Nilimgeuza kitandani, nilimwogesha, nilimpaka mafuta mgongoni ili vidonda visimwanze, na vikaanza hata hivyo. Nayaandika haya kwa sababu chumba chake sasa kiko wazi na sina wa kumgeuza, na kwa sababu kuna mzee anayeishi Raskazone, mjini, ambaye amebeba jambo langu muda wote huo. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, Elia kumi na saba, na Tabea wetu wa mwisho miaka tisa. Wazazi walikuwa wameshaondoka wote wawili. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Tulikaa chumba kimoja kwenye nyumba ndefu za kambi ya mkonge, zile za kupakwa chokaa, mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na ukuta usiofika kwenye bati, hivyo kikohozi cha jirani ulikisikia kama chako. Kitanda kilikuwa cha Tabea na mimi. Elia alilala mkekani, na asubuhi mkeka ulisimamishwa kwenye kona ili tupate pa kukaa na kula muhogo.

Kwa juu ya ukuta ule ndipo niliposikia habari yetu. Jioni moja, kabla ya masika, nikiwa natwanga kisamvu, Mama Neema wa chumba cha pili alikuwa anamwambia mumewe, "Mjomba mtu wamempata, yule wa Lushoto. Amesema mkubwa wa kiume anamchukua yeye, wa kike mdogo ataenda kwa mchungaji wa Muheza, mkewe anahitaji mtoto wa kumtuma." Mumewe akamsahihisha kwamba si mjomba, ni baba mdogo, kisha akauliza, "Na Naomi?" Mama Neema akajibu, "Naomi mkubwa yule. Ataolewa." Niliendelea kutwanga. Tabea alikuwa amekaa kizingitini akikuna nazi, naye alikuwa amesikia, maana mkono wake ulisimama juu ya mbuzi. Baba Mdogo mwenyewe alipokuja, alikaa kwenye kitanda chetu pekee, akanywa chai bila sukari, akasema maneno ya haki tu, ndiyo maana hayakujibika. "Shikamoo nimeitikia, na ninyi nawapenda. Lakini kupenda hakulishi. Una kazi, Naomi?" Nikasema ninayo. "Kazi gani?" Nikasema kazi ya njia. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Haya. Nitarudi baada ya masika, mvua za mchoo zikiisha. Nikikuta kazi ipo na hawa wanakula, watabaki na wewe. Nikikuta kazi imesimama, kila mtoto na nyumba yake. Tumeelewana?" Tukaelewana.

Kazi ya njia ilikuwa hivi. Bwana Shabir alikuwa na duka la baiskeli mjini, la baba yake na la babu yake kabla ya hapo, na miaka ile alikuwa ameanza kukodisha baiskeli za gia, zile za matairi manene ya meno, kwa wageni waliotaka kupanda na kushuka vilima. Aliomba ruhusa ya kupitisha ujia kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa, kuanzia kwenye kilima cha chokaa nyuma ya kambi yetu, kushuka mpaka bondeni, kupanda tena kwenye mikorosho na kurudi. Elia aliajiriwa kuwatangulia wageni, kwa kuwa aliijua njia na alikuwa haogopi. Mimi niliajiriwa kufagia majani na kuondoa miiba, lakini mvua zilipoanza kazi yangu ikageuka. "Binti," Bwana Shabir aliniambia asubuhi ya mvua ya kwanza, ameinama anatazama alama ya tairi iliyojaa maji, "njia hii ikipitwa leo itakufa. Kila gurudumu litachimba mfereji, mfereji utaleta maji zaidi, na mwezi ujao hatuna njia, tuna mto. Kazi yako sasa ni kuniambia lini pamekauka. Usinifurahishe. Uniambie kweli." Akanipa vitambaa viwili, chekundu cha kufunga na cheupe cha kufungua, nivitundike kwenye mti wa kuanzia.

Alidhani atanifundisha, na alinifundisha kidogo aliyokuwa ameyasikia kwa wageni wake. Mengine niliyajua kwa jembe. Mama alikuwa akichukua udongo, akaufinyanga baina ya viganja mpaka uwe kama uzi. Uzi ukikatika mapema, shamba limekubali kulimwa, ukirefuka kama kidole, rudi nyumbani. Nikaitumia njia hiyohiyo. Juu kilimani udongo ulikuwa mwekundu, haba, umekalia jiwe lenye nyufa, mvua ikinyesha alfajiri ifikapo saa sita unakanyaga pakavu. Upande wa kilima unaotazama baharini ulikauka kabla ya ule wa pili, kwa sababu ya upepo, na kwa sababu jua la asubuhi huuwahi. Kwenye mikorosho palikuwa na mchanga, maji yalizama yakapotea, ila palepale chini ya matawi, majani yalipolala mazito, unyevu ulikaa siku nzima zaidi. Bondeni ndiko kulikokuwa na taabu. Pale udongo ulikuwa mweusi wa mfinyanzi, kilima kiliuteremshia maji yake yote, miti ilizuia jua, upepo haukufika. Juu yake ulifanya ngozi kavu iliyopasukapasuka, ukasema umekauka, ukikanyaga kwa kisigino ulikuta chini ni ute. Siku nne, wakati mwingine tano. Njia nzima ilisubiri hatua arobaini za bonde lile.

Wanawake wa bombani walinicheka. Nilikuwa nikifika na ndoo, miguu imejaa matope mpaka magotini, na mmoja wao alikuwa hakosi neno. "Pisheni, pisheni, mtaalamu wa matope huyo!" Mwingine akadakia, "Wee, mwenzio kasomea. Anayaamkia matope kila asubuhi, shikamoo matope!" "Na yanaitika?" "Yanaitika marahaba, mwanangu, leo hatujakauka!" Nilicheka nao. Kwa kweli wiki zile nilikuwa na furaha fulani ambayo sijaipata tena. Nilikuwa naulizwa jambo na mtu mzima mwenye duka, nikijibu anatii. Elia akirudi jioni alikula ugali amesimama, akisimulia kona aliyoikata na mgeni aliyepiga kelele, na Tabea alimwiga yule mgeni mpaka tukapaliwa.

Masika yale hayakukoma. Yalipungua, yakaingia mchoo bila kupumzika, mvua ya asubuhi, jua la mchana, mvua tena kesho yake. Kilima kilikuwa kinakauka kila siku, mikorosho inakauka, bonde halikauki. Kitambaa chekundu kilipauka kwa kukaa mtini. Siku moja nilikwenda Raskazone, nyumbani kwa Bwana Shabir, kumwambia tena kwamba hapana. Nilikaa barazani, mkewe, Mama Zainabu, akaniletea chai ya maziwa na kachori, nami nikawasikia wakizungumza ndani, wamesahau kwamba dirisha la barazani lilikuwa wazi. "Wageni wamekuja mara tatu wamekuta pamefungwa," alisema Bwana Shabir. Mkewe akamwambia, "Basi ziuze hizo baiskeli. Ulikuwa na duka, ukatafuta milima." Yeye akajibu, "Nasubiri mwezi huu. Ikiwa hivihivi nazifungia stoo, narudi kuuza nati na mnyororo." Kisha akatoka, akanitazama, akatabasamu kana kwamba hakusema lolote. "Bado?" Nikasema bado. "Haya, bado ni bado." Kachori ilikuwa bado imo mkononi mwangu. Niliibeba mpaka nyumbani nikampa Tabea, na njiani nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki kabla Baba Mdogo hajateremka.

Wazo la makapi halikuwa la ajabu. Kila mtu aliyekulia kambini angelifikiria. Korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kuacha singa, yaani nyuzi zake, hutema nyuma yake makapi ya kijani mlima mzima, na tangu nikiwa mtoto, mvua zikianza, kila mama wa kambi huchota makapi akatandika mlangoni kwake ili watu wasiingize tope ndani. Jua likiyapiga yanakuwa meupe, yanashikana kama mkeka, unapita na kiatu cha kanisani. Mama yetu alikuwa na sifa ya kutandika vizuri kuliko wengine. Basi nikaazima toroli, na kwa siku mbili nikabeba makapi kutoka korona mpaka bondeni, nikatandika hatua zile arobaini, nikayakanyaga, nikayapiga kwa mgongo wa jembe. Siku ya tatu yalikuwa yameng'aa. Nilitembea juu yake kwenda na kurudi, mguu haukuzama hata kidogo. Nikatundika kitambaa cheupe. Elia alipita taratibu na wageni wawili wazee, wakarudi salama, na Bwana Shabir alikuja mwenyewe akasimama pale bondeni, akayabonyeza kwa kiatu. "Mashaallah. Nani kakufundisha?" "Mama." "Mungu amrehemu," akasema, na alimaanisha. Ila akaongeza, "Lakini chini yake umepima?" Siku ile nilikuwa nimepima, nilikuwa nimeufinyanga udongo kabla ya kutandika, nikamjibu kwa haki kwamba si mbaya.

Jambo ambalo hakuna mama wa kambi aliyehitaji kulijua, kwa kuwa mlangoni hapapiti baiskeli, ni kwamba makapi yakishikana hivyo hayaruhusu ardhi kupumua. Jua linakausha mkeka, si udongo. Kila mvua iliyonyesha baada ya pale ilipenya chini ikakaa, na maji ya kilimani yakaja yakakuta pamefunikwa, yakakaa pamoja nayo. Mguu wa mtu hutua mpana na mwepesi. Gurudumu linaloteremka kilima kwa kasi hutua penye upana wa vidole vitatu, na uzito wote uko juu yake.

Ilinyesha siku tatu mfululizo, ikafuata siku moja ya jua kali. Siku iliyofuata walikuwa wanakuja wageni sita, wengi kuliko siku zote, na Baba Mdogo alikuwa ametuma salamu kwamba atafika mwisho wa wiki hiyo. Nilipita njia yote asubuhi. Kilimani nikafinyanga, pakavu. Mikorosho, nikafinyanga, pakavu. Bondeni nilisimama juu ya makapi meupe, nikapiga kisigino, yakanipa sauti ya mkeka. Nilikuwa na jembe begani. Ningeweza kuinua ncha moja. Nakumbuka vizuri kwamba nilifikiri kuinua, na nakumbuka vizuri zaidi sababu iliyonizuia, kwamba nikiinua nitaona. Nikarudi juu nikatundika kitambaa cheupe. Bwana Shabir alikuwa anashusha baiskeli kwenye gari. "Bondeni je?" Nikasema, "Kumekauka." Akaacha alichokuwa akifanya, akanigeukia. "Umepima chini, Naomi?" Nikasema, "Nimepima." Elia alikuwa kando yetu, anajaza tairi upepo, akaniambia bila kuinua kichwa, "Dada, leo uniwekee kiporo, nitarudi na njaa ya fisi." Kisha akaondoka, wageni nyuma yake.

Sikumwona akianguka. Niliwasikia wageni wakiita. Nilipofika, gurudumu la mbele lilikuwa limetoboa mkeka na kuzama mpaka kwenye ekseli, limesimama wima lenyewe kana kwamba mtu amelisimika pale, na Elia alikuwa mbele yake, mgongo wake juu ya kisiki cha mkonge wa zamani. Macho yalikuwa wazi. Aliniambia, "Dada, miguu yangu iko wapi?" Ilikuwa ipo palepale. Katika lile tundu la gurudumu maji meusi yalikuwa yanapanda polepole.

Baba Mdogo alikuja hospitali badala ya kuja nyumbani. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, kofia magotini, na Bwana Shabir alikuwa amesimama, na mimi nilikuwa nimemshika Tabea mkono. Daktari alikuwa ameshatuambia. Baba Mdogo hakupaza sauti. Aliuliza, "Nani aliyesema njia imekauka?" Nilifungua mdomo. Naapa kwamba niliufungua. Nikahisi vidole vya Tabea vikinibana, na nikaona barabara ya Muheza, na mke wa mchungaji, na Elia amelazwa Lushoto kwenye nyumba ya watu wenye watoto wao wenyewe. Bwana Shabir akasema, "Mimi. Njia yangu, baiskeli zangu. Mimi ndiye niliyesema." Baba Mdogo akamwambia, "Uliuza mtoto wa watu kwa wageni." Kisha Baba Mdogo akanigeukia, na sauti yake ikawa laini. "Wewe hukukosa kitu, mwanangu. Ulifanya kazi ya watu. Tabea abaki na wewe. Na huyu pia. Nani mwingine atamgeuza?" Hivyo ndivyo nilivyopata nilichokuwa nakitaka mwaka ule mzima. Tulibaki pamoja sote watatu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Raskazone. Baiskeli zilikuwa zimeshaondoka stoo, zimeuzwa. Watu wa Pongwe walikuwa wameacha kuingia dukani kwake, na mtu mmoja alikuwa amemwita muuaji mbele ya msikiti. Mama Zainabu alinifungulia mlango bila kunisalimu, akanipa kisogo. Nilimkuta Bwana Shabir barazani, nikamwamkia, nikapiga magoti, nikaanza kusema. Alinizuia kwa mkono. "Inuka. Nilikuuliza mara mbili, binti. Mtu haulizi mara mbili ila ana shaka. Nilikuwa na shaka, na gari limejaa, na wageni wananitazama. Nikaachia. Basi ni mimi." Nikasema, "Lakini nilikudanganya." Akasema, "Najua. Niliona usoni mwako." Tukakaa. Ndani mkewe aligonga sufuria kwa nguvu. "Ukiwaambia leo," akasema mwishoni, "mimi nitapumzika, na Tabea ataondoka. Unataka?" Sikujibu, naye akachukulia kutojibu kwangu kuwa jibu, na kwa miaka ishirini nimeliacha liwe jibu. Tabea ni mwuguzi sasa, ana watoto wake. Sababu ya kunyamaza ilikwisha zamani, kunyamaza ndiko kulikobaki. Nitampelekea Baba Mdogo karatasi hizi mimi mwenyewe, nisubiri mpaka amalize kuzisoma.

Mwaka ule, siku iliyofuata baada ya kwenda Raskazone, nilichukua jembe nikashuka bondeni, ingawa hapakuwa tena na njia ya mtu yeyote. Niling'oa makapi yote. Yalitoka kwa vipande, juu meupe, chini yameoza meusi na yananuka, na udongo chini yake ulikuwa laini kama uji. Nilisimama nikatazama maji yanatoka wapi na yangependa kwenda wapi, jambo ambalo katika asubuhi zile zote sikuwahi kulifanya, nilikuwa nauliza tu kama pamekauka. Yalitaka kwenda kushoto, kwenye kijito kilichokuwa hatua kumi na mbili kutoka pale. Nikayachimbia mfereji, upana wa jembe moja, kina cha goti. Yakaanza kutembea nikiwa bado nachimba. Siku ya tatu nilirudi, nikachukua udongo wa bonde nikaufinyanga baina ya viganja, na uzi ukakatika kabla haujafika nusu ya kidole. Mfereji ule ulinichukua asubuhi moja.